Ukulele kwa nyuzi za mshipi: shajara ya likizo ya Desemba, Kigoma

Jumamosi, 7 Desemba

Shule imefungwa jana. Ripoti zimekabidhiwa, madaftari yamefungwa kwa kamba, na leo asubuhi nimeitoa ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, uvunguni, ilikolala tangu Agosti. Niliinunua soko la Mwanga kwenye meza ya mitumba, kati ya mwanasesere asiye na mkono na pasi isiyo na waya. Muuzaji alisema ni gitaa la mtoto. Sikumsahihisha, maana bei ingepanda. Ilikuwa shilingi 15,000.

Hali yake: mwili wa plaiwudi, hauna ufa. Shingo imenyooka, ina freti 12, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Vigingi vinne vya kukazia nyuzi vinashika. Nyuzi zenyewe ni mbili tu, na moja imefungwa mahali si pake. Ukipiga mwili wake kwa kidole inaitika kama debe dogo, nami naona hiyo ni dalili njema, ingawa sina ninachokijua.

Nia ni hii. Kila mwaka jioni ya tarehe 24 watoto wa jumuiya yetu hukusanyika uani kwetu, wanaimba kidogo, wanakula maandazi, halafu tunakwenda wote misa ya mkesha. Wamezoea kuimba kwa ngoma na makofi. Mwaka huu nataka niwasindikize kwa ukulele, nyimbo tatu. Nina siku 17. Chombo pekee nilichowahi kukipiga maishani ni kengele ya shule.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya misa nimemfuata kijana anayepiga gitaa la kwaya. Nyuzi za ukulele hana, na anasema hapa mjini hajawahi kuziona. Akanionea huruma, akanipa uzi wa chuma uliobaki kwenye seti yake ya gitaa. Nimeupokea kwa shukrani, lakini siutumii. Kwa unene uleule, chuma kina uzito karibu mara saba ya nailoni, kwa hiyo ili kitoe sauti ileile lazima kivutwe kwa nguvu karibu mara saba. Daraja la ukulele hii, kile kibao cha chini nyuzi zinapofungwa, limegundishwa tu juu ya plaiwudi nyembamba kama ganda la kiberiti. Lingeruka.

Jambo moja zuri limetokea pale kanisani. Nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba nyuzi nne za ukulele zinatyuniwa G, C, E, A. Akafikiri kidogo, kisha akaimba kwa sol-fa: so, do, mi, la. Kweli! Ukiifanya C kuwa do, nyuzi zikiwa wazi bila kushikwa zinaimba so-do-mi-la. Nimetembea mpaka nyumbani nikiimba hivyo, watu wakanitazama.

Jioni nikiwa nimekaa na sahani ya migebuka mbele yangu, ndipo nikaona ujinga wangu. Natafuta nyuzi za nailoni katika mji ambao nusu yake wanaishi kwa nailoni.

Jumatatu, 9 Desemba (Uhuru)

Leo ni hesabu. Hizi ni za mawimbi, sura ileile ninayoifundisha kila mwaka kwa sonomita (kifaa cha maabara cha kupimia sauti ya uzi uliovutwa): nyuzi za kitu kimoja, zenye urefu mmoja, zikivutwa kwa nguvu moja, sauti hupanda kadiri uzi unavyokuwa mwembamba. Unene ukizidi mara mbili, sauti inashuka oktava nzima, yaani mitetemo inabaki nusu. Maana yake ni kwamba unene ukizidishwa kwa idadi ya mitetemo, jibu halibadiliki.

Uzi wa A unatetema mara 440 kwa sekunde. Nyuzi za nailoni za dukani kwa kawaida hazipiti mbali na milimita 0.60 kwa A. Basi 440 mara 0.60 ni 264. Hiyo 264 ndiyo ufunguo wangu, nyuzi nyingine zote zinatoka humo:

E, mitetemo 330: unene 0.80.
C, mitetemo 262: unene 1.01.
G, mitetemo 392: unene 0.67.

Nimepima pia urefu wa uzi unaotetema, kutoka kizingiti (kile kipande cheupe cha plastiki juu ya shingo) hadi daraja: sentimita 34.5. Hii ni soprano, saizi ndogo kuliko zote za kawaida. Kwa urefu huo kila uzi unavutwa kwa karibu nyutoni 30, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 3. Zote nne ni kilo 12. Daraja litahimili. Nadhani.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeshuka mwalo wa Kibirizi. Duka la zana za uvuvi lina mishipi ya kila namna, lakini karatasi za vipimo zimechanika au zimelowa, na muuzaji huwauzia watu kwa kuonyeshana kwa vidole. Maikromita iko maabara, maabara imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kwao Kasulu. Nikatumia ujanja wa penseli: unauzungusha mshipi kwenye penseli mara 20, mizunguko ikiwa imebanana, unapima upana wote kwa rula, unagawa kwa 20. Wa kwanza ulitoka milimita 12, yaani 0.60. Wa pili milimita 16. Wa tatu milimita 20 kamili.

Watu watano walikuwa wamesimama wananitazama nikizungushia mishipi kwenye penseli.

“Mwalimu, unakwenda kuvua samaki gani?” muuzaji akauliza.

Nikamwambia samaki wa kuimba. Hakucheka, lakini alinipunguzia bei.

Wa 0.67 hakuna, na wa 0.70 umekwisha. Kwa sasa G itavaa 0.60, italegea kidogo kuliko wenzake.

Alhamisi, 12 Desemba

Nyuzi zimefungwa jana usiku. Leo asubuhi mbili zimechomoka. Daraja la ukulele hii lina mikato minne. Uzi unafungwa fundo mwishoni, fundo linakaa nyuma ya mkato. Mafundo yangu ni ya kamba ya viatu. Nailoni inateleza, unakaza kigingi, inatoka polepole, halafu *pwaa*, inakupiga mkononi. Nina alama.

Ijumaa, 13 Desemba

Bahati yangu mwezi unakaribia kuwa mpevu. Jirani yangu ni mvuvi wa dagaa, na siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawana kazi kubwa, maana dagaa hawaifuati taa ya mtumbwi wakati ziwa lote linang'aa. Yupo nyumbani, anashona nyavu. Nikampelekea ukulele.

Aliigeuza, akaitazama ndani ya tundu kama anayetafuta chambo. Kisha akachukua mshipi, akauzungusha juu yake wenyewe mara tatu, akaulowesha kwa mate, akavuta taratibu. Fundo likajikaza lenyewe. “Usipolowesha unauchoma kwa msuguano, Mwalimu. Hapo ndipo unapokatika.” Hilo sikuwa nalijua, mimi mwenye shahada ya fizikia.

Mafundo manne, dakika kumi. Kabla sijaondoka akaingia ndani, akatoka na kipande cha mshipi wa 0.70 alichokuwa amekizungushia chupa. G imepata uzi wake.

Saa mbili usiku nimetyuni kwa programu ya simu. So, do, mi, la. Mama alikuwa jikoni, akatoa kichwa: “Nani ana redio?”

Jumapili, 15 Desemba

Nailoni inanyooka, na hakuna aliyenionya inanyooka kiasi gani. Unatyuni, unakwenda kunywa maji, unarudi, wimbo umekuwa msiba. Nimehesabu: Ijumaa usiku nilikaza mara 14. Jumamosi mara 11. Leo mara 6. Ukiuvuta uzi kidogo kwa kidole kutoka shingoni, kisha ukakaza, ukauvuta tena, unafika haraka zaidi kuliko kungoja.

Kordi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nilizonazo: C, ambayo ni kidole kimoja freti ya tatu kwenye uzi wa A. Am, kidole kimoja pia, freti ya pili kwenye G. F, vidole viwili. G7, vitatu. (Vijana wa kwaya huziita “kodi”, na kila nikisikia namkumbuka mwenye nyumba.) Kuhama kutoka F kwenda G7 kunanichukua muda wa kumaliza Salamu Maria.

Jumanne, 17 Desemba

Siku mbaya. Naiandika yote.

Nyuzi zikiwa wazi zimetyuniwa sawasawa, lakini F inasikika vibaya. Nimeangalia uzi mmojammoja kwenye simu: E ikishikwa freti ya kwanza inapanda senti 20 juu ya noti yake. Nusu toni nzima ni senti 100, kwa hiyo hilo si dogo. Sababu ni kizingiti. Mifereji yake haina kina, uzi umekaa juu mno, na ukiubonyeza ufike freti ya kwanza unakuwa umeuvuta zaidi ya unavyotaka. Ukulele za bei ya chini zina ugonjwa huu karibu zote.

Dawa ni kuchimba mfereji. Kipimo chake: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa ipite karatasi tu. Kwangu ilikuwa inapita kadi ya simu.

Tupa ya fundi seremala ni ya pembe tatu, ingeacha mfereji wa V. Nikakunja msasa mwembamba juu ya kipande cha mshipi wa 0.80, nikasugua kama anayepiga zeze. E, sawa. A, sawa. G, sawa. Kufikia C nilikuwa nimeshajiona fundi. Nikasugua huku naongea na mtu dirishani.

C sasa inagusa freti ya kwanza ikiwa wazi. Haiimbi, inalia kama nzi kwenye chupa. Na C ndiyo do.

Nimeiweka juu ya kabati, nimekwenda kulala saa moja na nusu.

Jumatano, 18 Desemba

Usiku wa kuamkia leo nimekumbuka nilichowahi kuona mafundi wa gitaa wakifanya: mfereji uliozidi kina unajazwa bekingi soda, unadondoshewa tone la supa gluu. Vikikutana vinaganda papo hapo na kuwa kitu kigumu kama jino, unachimba upya. Supa gluu ninayo.

“Mama, bekingi soda ipo?”

“Ya maandazi ya Krismasi.”

“Naomba robo kijiko.”

“Ya nini?”

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapima robo kijiko mwenyewe, akafunga kopo, akaliweka kabati la juu.

Imefanya kazi. Moshi mdogo, harufu kali, kisha jino. Nimechimba nikiwa nimefunga dirisha. Sasa F ni F.

Alhamisi, 19 Desemba

Wageni wameshuka na treni kutoka Tabora: baba mdogo, dada yangu na watoto wake wawili, magunia mawili ya maembe na dumu la asali. Nyumba imejaa. Mazoezi sasa ni uani, chini ya mchikichi, pamoja na kuku.

Baba mdogo ana miaka sabini na kitu. Ujanani alipiga gitaa kwenye bendi ndogo za Tabora, enzi ambazo mji ule ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na kijana aliyekuwa hana bendi ya kuishabikia alionekana mgonjwa. Mikono yake sasa inatetemeka akishika kikombe. Hajagusa gitaa, anasema, tangu wajukuu hawajazaliwa.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Hicho nini?”

Nikampa. Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi kutoka juu kwenda chini, akasita, akarudia.

“Besi iko wapi?”

Hilo ndilo swali la kila mpiga gitaa. Uzi wa juu kabisa kwenye gitaa ni besi, mnene. Kwenye ukulele uzi ulioko mahali hapo ni G, na hiyo G iko juu kuliko C na E zinazoufuata. Sauti haishuki ngazi kwa ngazi. Inaanza juu, inaporomoka, inapanda tena. Nilimweleza kwamba ndivyo ilivyotengenezwa, ndiyo maana kordi zake zinasikika zimebanana na zimechangamka. Hakukubali. “Nyumba haina msingi,” akasema, lakini hakuirudisha.

Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia Hawaii, ila si ya Hawaii kwa kuzaliwa. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Honolulu Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao kulikuwa na kigitaa cha nyuzi nne kiitwacho machete. Shamba likawashinda au wao wakalishinda, wakafungua karakana, na kigitaa kile kikabadilika mikononi mwao kikawa ukulele. Mfalme Kalākaua alikipenda, kikapigwa mpaka ikulu. Jina lenyewe kwa Kihawaii hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye.

“Kiroboto,” baba mdogo akasema. “Na sisi gitaa lilitufikia kwa reli.” Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kama gitaa la kwanza lilipanda treni hiyo sijui, wala yeye hajui, ila alilisema kama aliyekuwapo stesheni.

Kisha kikatokea kitu nilichotaka kukiandika tangu mwanzo wa ingizo hili. Aliweka vidole kama anayeshika G ya gitaa, akapiga. Ikatoka C. Akashika C ya gitaa, bila nyuzi mbili za besi. Ikatoka F. Akashika D7. Ikatoka G7. Akanitazama. Nyuzi nne za chini za gitaa ni D, G, B, E. Ukifunga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) freti ya tano zinakuwa G, C, E, A. Ni mkono uleule, umepandishwa tu, na ile G ikarushwa oktava juu. Vidole vyake vilikuwa vinajua kila kordi ya ukulele kwa zaidi ya miaka hamsini, majina tu ndiyo yamehama.

Alipiga mpaka kuku wakalala. Mikono haikutetemeka, au ilitetemeka kwa kufuata mwendo.

Ijumaa, 20 Desemba

Mpwa wangu wa miaka kumi ameshika ukulele saa tatu asubuhi. Saa nne alikuwa anapiga C, Am, F na G7 kwa mzunguko. Sitaki kuliongelea.

Jumamosi, 21 Desemba

Mazoezi ya kwanza na watoto. Wimbo wa kwanza uko kwenye C, yaani C ndiyo do, kordi tatu, umepita vizuri. Wa pili tulijaribu pia kwenye C, watoto wakazama. Ubeti unashuka chini sana kwao, ikabaki midomo inayochezacheza. Mwalimu wa kwaya akasema tupandishe kwenye F.

Kwa sauti ni sahihi. Kwa vidole ni balaa, kwa sababu ukiingia F unakutana na kordi ya B bemoli. Kidole cha kwanza kinalala juu ya nyuzi mbili freti ya kwanza, cha pili kwenye C, cha tatu kule juu kwenye G. Mkono wangu unafanana na kaa aliyekanyagwa. Nimeijaribu saa nzima. Ikatoka safi mara mbili, na mara zote mbili hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Baba mdogo, akimenya embe: “Pandisha tena. G.” Kweli, kwenye G kordi ni G, C na D7, zote ninazimudu, na D7 ina njia fupi ya vidole viwili tu kwenye freti ya pili, G na E. Watoto hawakujali hiyo toni moja ya ziada. Aliyelalamika ni shangazi, kwamba tunataka kumpasua koo.

Jumapili, 22 Desemba

Wimbo wa tatu nimeuacha. Una kordi nane na mimi nina siku mbili. Wataupiga kwa ngoma kama miaka yote.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo mkono wa kulia. Nilikuwa nauchukulia kama mkono wa kukuna nazi, unakwenda na kurudi tu. Wimbo wa kwanza ni wa mwendo wa tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Nilikuwa nacharaza mapigo yote kwa nguvu moja, na watoto wakawa wanaimba kama wanaobeba gunia. Baba mdogo amenionyesha: la kwanza kwa kidole gumba, chini, taratibu; la pili na la tatu kwa kucha ya kidole cha shahada, nyepesi. Na usicharazie juu ya tundu, charazia pale shingo inapoungana na mwili, sauti inakuwa laini.

Hapo ndipo ile G ya juu ilipojieleza. Kidole gumba kikianza kwenye G unapata noti nyembamba badala ya besi, halafu kordi inaifuata kutoka chini. Wimbo unaning'inia badala ya kukanyaga, na wimbo wa kumbembeleza mtoto mchanga hautaki zaidi ya hapo. Nikamwambia baba mdogo. Akasema ni kweli, lakini besi bado haipo.

Kukaza nyuzi leo: mara 2 tu.

Jumanne, 24 Desemba

Saa kumi na mbili jioni watoto 23, wazazi kama kumi, mikeka, sufuria la chai, maandazi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Kongo tangu alasiri, na hapa watu wanajua kwamba mvua ikitoka ng'ambo ya ziwa haiombi hodi. Nilikuwa nimetyuni mara nne kwa woga.

Wimbo wa pili tuliuanza kwanza kwa sababu ni wa furaha. Ulikwenda. Nilikosea D7 mara mbili, watoto wakafunika. Makofi yalinichanganya, maana makofi ya Kigoma hayaangukii mahali ambapo mkono wangu wa kulia uliyategemea, lakini kufikia ubeti wa tatu mkono ulikuwa umeyafuata wenyewe.

Tukanyamaza kidogo ili tuingie ule wa polepole. Nikapiga C moja. Matone matatu yakadondoka kwenye bati la jiko. Kisha ziwa lote likahamia juu yetu.

Watu 35 ndani ya sebule na baraza. Mvua juu ya mabati. Mtu asiyejua mvua ya Desemba juu ya mabati hawezi kuelewa, ukimpigia kelele aliyeko kando yako anakuuliza “Nini?” Ukulele ya soprano haina ubavu huo. Tungengoja, lakini watoto hawakungoja. Mpwa wangu alianza, wenzake wakadakia, wakaimba kwa kupaza sauti wimbo ambao tuliufanyia mazoezi ya kunong'ona siku tatu.

Nikapiga. Sikujisikia. Nilikuwa naona vidole vyangu vinahama, C, G7, C, F, na nasikia mtetemo kifuani pale mbao ilipogusa mbavu, basi. Mama alikuwa kwenye kigoda mbele yangu. Kwenye ubeti wa pili akainama, akaweka sikio lake karibu kabisa na tundu, akabaki hivyo mpaka mwisho. Kilemba chake kilikuwa kinanigusa mkono wa kulia, ikabidi nicharaze juu zaidi, pale shingoni.

Misa tulichelewa. Barabara ilikuwa mto.

Alhamisi, 26 Desemba

Jana sikuigusa, ni siku ya pilau na usingizi. Leo nimekagua. Uzi wa A umeanza kupata kipara mahali unapokutana na freti ya tatu, kwa ajili ya zile C zote. Mshipi ni wa bei rahisi, nitabadilisha. Vidole vya mkono wa kushoto vimeota sugu, nazo nazigusa kila mara kama mtu mwenye pete mpya.

Watoto wameiweka kwenye zamu. Zamu yangu ni baada ya saa tatu usiku.

Jumapili, 5 Januari

Wageni wanarudi Tabora wiki hii. Baba mdogo hajaomba ukulele, ila jana aliniuliza kwa mbali kama hesabu zangu za penseli zinaweza kutoa besi. Nikachukua 264, nikagawa kwa 196, mitetemo ya G ya chini. Jibu ni 1.35.

Jirani amerudi asubuhi kutoka ziwani, macho mekundu, na kabla ya kulala amenitolea mshipi mnene aliokuwa ameuhifadhi kwa ajili ya sangala. Mizunguko kumi kwenye penseli: milimita 13. Hiyo 1.30 inatosha. Nimemsikia mtu akisema mishipi ya florokaboni ni bora zaidi, maana ina uzito zaidi ya mara moja na nusu ya nailoni na uzi unakuwa mwembamba kwa sauti ileile, nitauliza Kibirizi. Kwa leo ni huu.

Tumeufunga kwa fundo la mate. Sauti yake haijachangamka, ni kama mtu anayegonga mlango wa kabati kwa adabu, lakini iko chini, na baba mdogo alipoipiga alifumba macho. Tatizo ni kwamba mfereji wa G kwenye kizingiti ni mwembamba, uzi umekaa juu yake badala ya kuingia ndani. Lazima niuchimbe. Nimeshakunja msasa. Nimefunga dirisha.

Bekingi soda imebaki nusu kijiko, nimeangalia.